Anne Sullivan, mwalimu aliyesema kwa vidole

 

Katika sura ya saba ya Injili ya Marko iko habari ya kiziwi mwenye utasi wa ulimi, aliyeletwa kwa Yesu ili amponye. Wengi tunaijua kama Injili ya Efatha. Lakini kabla ya kutamka neno hilo, Bwana alifanya mambo mawili ambayo huwa tunayapita haraka. Kwanza, alimtoa yule mtu kando, mbali na makutano. Pili, alimtia vidole masikioni na kumgusa ulimi. Kwa nini vidole? Kwa sababu kwa mtu asiyesikia, sauti peke yake haifiki. Bwana alisema naye kwa njia ambayo yule mtu aliweza kuipokea.

Leo nataka nikusimulie maisha ya mwanamke aliyeifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka 49. Huenda umesikia habari za Helen Keller, yule Mmarekani ambaye hakuona wala kusikia, lakini akasoma chuo kikuu, akaandika vitabu na kuzunguka dunia akiwatetea wasioona. Leo simzungumzii yeye. Namzungumzia aliyemshika mkono.

Anne Sullivan, ambaye watu wake walimwita Annie, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 huko Feeding Hills, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake, Thomas na Alice, walikuwa Wakatoliki maskini waliohama kutoka Ireland. Baba alikuwa kibarua wa mashambani, tena mlevi. Mama alikuwa na kifua kikuu. Annie akiwa na umri wa miaka kama mitano, macho yake yalishikwa na trakoma, ugonjwa ambao sisi tunauita vikope. Ndugu zetu wa Kongwa na sehemu nyingine kavu za Dodoma wanaujua vizuri. Unaenea kwa mikono, vitambaa na nzi pale ambapo maji ya kunawa uso ni shida, na mtu akiugua mara kwa mara, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka nuru inafifia. Siku hizi dawa ipo. Kwa mtoto wa kibarua wa wakati ule, haikuwepo.

Alipokuwa na miaka minane, mama yake alifariki. Baba alishindwa kulea. Februari 1876 Annie na mdogo wake Jimmie, aliyekuwa kilema wa nyonga kwa sababu ya kifua kikuu cha mifupa, walipelekwa Tewksbury, kwenye nyumba ya jimbo ya kutunzia mafukara. Usifikiri ilikuwa nyumba ya watoto yatima kama tunazozijua, zenye masista na bustani. Humo walirundikwa wagonjwa, wazee, wenye magonjwa ya akili na wasio na pa kwenda, na watoto wakiwa katikati yao. Baada ya miezi michache tu Jimmie alifariki. Annie, asiyeona vizuri, aliamka usiku, akapapasa mahali palipokuwa na kitanda cha mdogo wake, akakuta patupu. Hakuwa hata ametimiza mwaka mmoja pale, na tayari hakuwa na mtu duniani wa kumwita wake.

Padre mmoja aliyekuwa akihudumia nyumba ile alimhurumia, akampeleka kwenye hospitali ya masista katika mji wa Lowell ili apasuliwe macho. Upasuaji haukusaidia, na mwishowe alirudishwa Tewksbury. Aliishi kule jumla ya miaka minne hivi.

Lakini alikuwa amesikia kwamba ziko shule za wasioona. Mwaka 1880 wakaguzi wa jimbo, wakiongozwa na Frank Sanborn, walifika kukagua nyumba ile. Annie aliwafuata kutoka chumba hadi chumba, akiona vivuli tu, asijue yupi ndiye mkubwa wao. Walipokaribia kuondoka alijitupa mbele yao, akalia kwa sauti kwamba anataka kwenda shule. Je, hakukukumbusha Bartimayo kando ya njia ya Yeriko? Naye alipaza sauti kwa mtu asiyemwona. Na Annie naye alisikilizwa.

Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 14, aliingia shule ya wasioona ya Perkins mjini Boston. Hakujua kusoma wala kuandika jina lake. Wenzake, wengi wao watoto wa nyumba nzuri, walimcheka. Naye alikuwa na ulimi mkali na hasira za karibu, na zaidi ya mara moja alikaribia kufukuzwa. Walimu wachache walimvumilia. Alipasuliwa macho tena, na safari hii alipata nuru ya kutosha kusoma maandishi ya kawaida, ingawa macho hayo yalimuuma maisha yake yote. Mwaka 1886 alihitimu akiwa wa kwanza darasani, akachaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake.

Hapo Perkins alimkuta Laura Bridgman. Laura alipoteza macho na masikio kwa homa angali mdogo sana, na mwaka 1837 Dokta Samuel Gridley Howe, mkuu wa kwanza wa shule hiyo, alianza kumfundisha. Alibandika majina kwa herufi zilizoinuka juu ya vitu kama kijiko na ufunguo, mpaka Laura akaelewa kwamba alama zile ni jina la kitu kile. Baadaye alifundishwa herufi za vidole: mwalimu anaunda herufi kwa vidole vyake ndani ya kiganja cha mwanafunzi, naye anaitambua kwa kugusa. Annie alizijifunza herufi hizo ili aweze kuzungumza na Laura, ambaye sasa alikuwa mtu mzima.

Naomba nikupe historia kidogo, kwa maana inatuhusu kama Kanisa. Katika karne ya 16 huko Hispania, mmonaki Mbenedikto Pedro Ponce de León alianza kufundisha watoto viziwi, wakati ambapo wengi waliamini kwamba kiziwi hawezi kufundishika. Mwaka 1620 Juan Pablo Bonet, Mhispania pia, alichapisha kitabu chenye michoro ya herufi za mkono. Herufi zilizotumika Marekani zinatokana na mapokeo hayo. Walioanza kazi hii wala hawakujua kwamba siku moja ingefika kwenye kiganja cha mtoto wa Alabama.

Mtoto huyo ni Helen. Alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji wa Tuscumbia, na akiwa na miezi 19 alipata homa iliyomwacha bila kuona wala kusikia. Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo, na walimpenda. Lakini upendo wao, kwa uchungu waliokuwa nao, ulikuwa umegeuka kuwa huruma tupu. Helen alizunguka meza wakati wa kula, akitia mkono kwenye sahani ya kila mtu na kujichotea anachotaka. Alipiga, alipiga mateke, alivunja vitu. Nani angemkemea? Maskini, haoni, hasikii. Baba hakuweza kuvumilia kumwona akilia. Basi wakamwacha. Walidhani wanamhurumia, kumbe wamemfungia peke yake gizani.

Tarehe 3 Machi 1887 Annie Sullivan alishuka kutoka kwenye treni huko Tuscumbia. Alikuwa na miaka 20. Alimletea Helen mwanasesere kutoka kwa watoto wa Perkins, na nguo za mwanasesere huyo zilishonwa na Laura Bridgman mwenyewe. Annie akaanza mara moja kumwandikia kiganjani jina la kitu kile. Helen aliiga vidole vizuri, lakini kwake ulikuwa mchezo tu wa vidole. Siku hizo za mwanzo alimng'oa mwalimu wake jino kwa ngumi. Alimfungia chumbani na kuuficha ufunguo, hata baba wa nyumba akalazimika kuweka ngazi na kumtoa mgeni kupitia dirishani!

Kisha ikaja asubuhi ya kifungua kinywa. Annie alikataa Helen asiguse sahani yake. Helen akajitupa chini akipiga kelele. Familia ikatoka nje, mlango ukafungwa, na wawili wale wakabaki humo muda mrefu, mpaka Helen akala kwa kijiko kutoka kwenye sahani yake mwenyewe na kukunja kitambaa chake. Annie alikwenda chumbani kwake, akalia.

Hapo ndipo alipoomba jambo zito: apewe mtoto, wakae peke yao. Wazazi walikubali kwa shida. Palikuwa na nyumba ndogo ya bustanini karibu na nyumba kubwa. Helen alizungushwa kwanza kwa gari la farasi ili asitambue mahali alipo, kisha wakaishi humo kwa wiki mbili. Wazazi waliruhusiwa kuja kumtazama, mradi Helen asijue. Sasa unaelewa kwa nini nilianza na Injili ile. Bwana naye alimtoa yule kiziwi kando, mbali na makutano, kwa sababu hakutaka kumfanya kitu cha kutazamwa. Wakati mwingine upendo unahitaji utulivu na mlango uliofungwa.

Waliporudi nyumbani, Helen alikuwa mtulivu zaidi na alijua majina ya vitu kadhaa kwa vidole, lakini bado hakujua kwamba ni majina. Alichanganya maji na kikombe. Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 1887, katika kubishana juu ya maneno hayo, Helen alimtupa mwanasesere mpya chini, akavunjika vipande. Hakusikitika hata kidogo. Annie akamtoa nje hadi kwenye pampu ya kisima. Mkono mmoja wa Helen ukawekwa chini ya maji yaliyokuwa yakibubujika, na kwenye mkono wa pili Annie akaandika kwa Kiingereza herufi za neno maji, polepole, kisha kwa haraka, tena na tena. Mtoto akasimama kimya. Uso ukabadilika. Akaelewa kwamba kitu hiki baridi kinachopita mkononi kina jina. Akagusa ardhi, akauliza jina lake. Akagusa pampu. Kisha akamgeukia yule mwanamke, akataka kujua yeye ni nani, na Annie akaandika: mwalimu. Kufikia jioni alikuwa amejifunza maneno kama 30.

Lakini liko jambo moja la siku ile ambalo Helen alilieleza baadaye katika kitabu cha maisha yake, nami kama padre limenigusa kuliko yote. Alipoingia ndani alimkumbuka mwanasesere. Akaenda kupapasa pembeni, akaokota vipande, akajaribu kuviunganisha. Havikuungana. Macho yake yakajaa machozi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alijua amefanya nini, akajuta. Fikiri juu ya hilo, ndugu yangu. Kabla ya kupewa neno hakuweza kujuta, na wala hatuwezi kusema alikuwa mtoto mbaya. Hakuwa na pa kusimamia ili ajitazame. Neno lilipomfikia, dhamiri nayo iliamka. Anayemnyima mtoto lugha anamnyima zaidi ya masomo. Anamnyima nafasi ya kujijua, ya kuomba msamaha, na ya kupenda kwa kujua kwamba anapenda.

Tangu siku hiyo Annie hakungoja darasa. Aliona jinsi mtoto mdogo anayesikia anavyosemeshwa na mama yake kutwa, hata kabla hajajua kujibu, naye akafanya vivyo hivyo kiganjani. Aliandika sentensi nzima shambani, mtoni, juu ya mti, mezani. Helen akajifunza kusoma herufi zilizoinuka na baadaye nukta nundu. Alipoanza kuuliza habari za Mungu, Annie alimwomba Phillips Brooks, mhubiri mashuhuri wa Kianglikana wa Boston, amweleze mtoto kwamba Mungu ni upendo.

Tunda lake lilionekana mapema. Mwaka 1891 mbwa wa Helen aliuawa, na watu wakaanza kuchanga fedha ili apate mwingine. Helen, akiwa na miaka kama kumi na mmoja, akaomba fedha hizo zimsomeshe Tommy Stringer, mtoto mdogo wa Pennsylvania asiyeona wala kusikia, aliyekuwa katika nyumba ya mafukara. Tommy akapelekwa Boston akasoma. Annie, aliyemzika mdogo wake katika nyumba kama hiyo, alimwona mwanafunzi wake akimtoa mtoto wa watu mahali pale pale.

Mwaka 1900 Helen aliingia chuo cha Radcliffe. Kwa miaka minne Annie alikaa kando yake darasani akimwandikia kiganjani mihadhara, na usiku akimsomea vitabu ambavyo havikuwepo kwa nukta nundu, kwa macho yale yale mabovu. Mwaka 1904 Helen alihitimu kwa heshima, akiwa wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada. Annie hakupewa cheti chochote.

Nisikudanganye kwamba alikuwa mtakatifu wa kuwekwa altareni. Alibatizwa Mkatoliki, lakini ukubwani hakuwa mtu wa kanisani. Alibeba moyoni makovu ya Tewksbury, alikasirika upesi, na ndoa yake na John Macy, aliyoifunga mwaka 1905, ilivunjika. Ili wapate riziki, yeye na Helen walipanda hata kwenye majukwaa ya michezo ya kuchekesha. Mimi sithubutu kumhukumu. Najiuliza badala yake: sisi tulio kanisani kila Dominika tumemshika nani mkono kwa miaka 49?

Mwaka 1932 Chuo Kikuu cha Temple kilimtunuku shahada ya heshima. Mwishoni mwa maisha yake nuru ya macho ilikuwa imezimika kabisa. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1936, akiwa na miaka 70, Helen akiwa amemshika mkono. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa kuu la Kianglikana mjini Washington, na Helen alipofariki mwaka 1968, ya kwake yaliwekwa hapo hapo karibu naye.

Mpendwa msomaji, naandika haya nikiwa na deni. Nikiwa padre kijana katika parokia ya kijijini, nilikwenda kubariki nyumba ya muumini mmoja. Katika chumba cha uani alikuwemo binti wa miaka kama minane, haoni wala hasikii. Mama yake alinieleza kwa kunong'ona, kama mtu anayeungama. Nilisali, nikanyunyiza maji ya baraka. Tone lilipomwangukia mkononi, mtoto alishtuka, akaukamata mkono wangu, akaanza kuvipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, kama anayeuliza. Nilimwacha kidogo, kisha nikautoa mkono taratibu, kwa sababu zilikuwa zimebaki nyumba tatu na jua lilikuwa linazama. Niliacha sukari na unga. Nikaondoka nikijiona nimetenda huruma. Mwaka uliofuata nilihamishwa.

Maji yalikuwepo siku ile. Mkono ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kumpa neno, na mtu huyo nilikuwa mimi, au angalau ningemtafuta. Sikuuliza nani anazungumza na mtoto huyu. Sikuuliza kama yuko mwalimu. Nilikuwa na huruma ile ile ya meza ya Tuscumbia, inayompa mtoto chakula na kumwacha gizani.

Usifanye kama mimi. Kama nyumbani kwako, au kwa jirani, au katika jumuiya yenu ndogo ndogo yuko mtoto asiyeona, au asiyeona wala kusikia, usimfiche, wala usikubali afichwe kwa aibu au kwa maneno ya kurogwa. Mpeleke akapimwe mapema. Mwone afisa elimu, uliza habari za shule. Makanisa yetu yalitangulia katika kazi hii: Waanglikana pale Buigiri, Dodoma, na Walutheri pale Irente, Lushoto. Na wakati unangoja shule, anza nyumbani. Mguse mkono kila unapomkaribia ili ajue ni wewe. Mpe kijiko na sahani yake. Mpe kazi anayoiweza. Mkataze anapokosea, kama unavyowakataza ndugu zake. Mwonyeshe alama ya kila kitu kabla hujampa, kila siku, hata kama kwa miezi hutaona jibu.

Na wewe mzazi uliyechoka, unayefanya haya bila mtu kukuona, ujue kwamba Annie naye alilia chumbani kwake. Kisha akatoka, akaendelea.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemgusa kiziwi kwa vidole vyako, utupe mikono isiyo na haraka. Wafunulie watoto waliofungiwa, na utuondolee sisi uziwi wa moyo. Amina.

Nawatakia Dominika njema.